Vidoti vyeupe kwenye projekta: kubadilisha chipu ya vioo

Vidoti vyeupe vinavyoongezeka kwenye picha, leo kumi, mwezi ujao mia, ni vioo vilivyokwama. Ndani ya projekta ya DLP mna chipu ya silikoni iliyopangwa vioo vidogo vya alumini, kila nukta ya picha na kioo chake. Chipu ya nukta 1024 × 768 ina vioo 786,432. Umeme huinamisha kioo takriban nyuzi 12 upande huu au ule, maelfu ya mara kwa sekunde. Kikigandia upande wa mwanga, hakizimi tena, na hakuna kusafisha kutakakokikwamua.

Hakikisha kwanza. Onyesha picha nyeusi, zungusha fokasi. Kidoti kinachokuwa mraba wenye kingo kali pamoja na picha ni kioo. Doa linalobaki na ukungu ni vumbi. Mistari ya wima mara nyingi ni miguso michafu ya chipu, yaani vyuma vinavyogusana na soketi yake: jaribu kuifuta kwa spiriti ya isopropili kabla hujanunua chochote.

Chomoa waya, acha taa ipoe saa nzima. Fungua kasha, piga nyaya za ndani picha kwa simu, kisha zifungue. Hitisinki, chuma cha kupoza kilicho nyuma ya chipu, hushikwa na skrubu zenye springi: zilegeze kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, kwa mshazari. Ukiimaliza moja kwanza, chipu hupinda na seramiki yake hupasuka. Soketi ya pini ina kifungio cha kugeuza kwa bisibisi bapa. Kifungue, usiing'oe chipu kwa nguvu. Gusa chuma cha bodi kuondoa umeme tuli, na shika chipu kingoni. Kioo angavu kinachoifunika kikipata alama ya kidole, ukutani itaonekana.

Chipu mpya iwe na namba ileile, kwa mfano 1076-6038B. Pesti ya joto kati ya chipu na hitisinki, kiasi cha punje moja ya mchele kinatosha.

Sasa feni. Kwenye vibanda vya kuonyesha mpira vya Ngamiani, Tanga, vumbi na unyevu wa chumvi hujenga utando wa kijivu juu ya mapanga yake, hewa ikapungua, chipu ikachemka. Hicho ndicho kilichoua chipu ya kwanza. Usafishe kwa brashi kavu, fungua matundu yote, kisha washa saa moja kwenye picha nyeusi na uhesabu vidoti.