Karakana ya chuma ukiwa ughaibuni: nunua vipimo kwanza, lethi itakuja

Wakuu, hii ni kwa wenzangu mlioko huku Uingereza (na kwingineko, nitawagusa) mwenye kigereji nyuma ya nyumba na mikono inayowasha kukereza chuma. Swali ninaloulizwa sana ni ninunue lethi (mashine ya kukereza chuma) gani, na jibu langu huwa linawaudhi watu: lethi iache kwanza, nunua vipimo.

Mimi nilianza kinyume. Nilinunua kilethi kipya cha mezani kabla sina hata maikromita (kipimo cha skrubu cha kupimia unene), nina vania (kipimo cha midomo inayoteleza) moja tu ya plastiki ya paundi nane. Bro akaniomba nimkerezee bushi ya alumini ya pampu ya maji, kipenyo cha nje milimita 60, iingie kwa kubana. Nikakereza usiku, natoa kidogo kidogo, napima, natoa tena, mwisho vania inasoma 60.02 nikafurahi nikaenda kulala. Asubuhi napima inasoma 59.95 na kwenye tundu lake inacheza kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Kumbe niliipima ikiwa ya moto, nilikuwa naishikia kitambaa na bado akili haikuniambia kitu. Alumini inatanuka kama maikroni 23 (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja) kwa kila mita kwa kila digrii, sasa piga hesabu, milimita 60 na joto limezidi digrii 50 hivi, unapata karibu 0.07. Ndiyo hiyo hiyo iliyoyeyuka usiku. Nilimlaumu sana yule muuza vania lakini kwa haki ya Mungu vania haikuwa na kosa, safari hiyo.

Vipimo vya ufundi duniani vinahesabiwa kwenye nyuzi 20. Lakini hata ukiwa Dar kwenye 32 usiogope, kama kazi ni ya chuma na maikromita ni ya chuma na vyote vimelala meza moja tangu asubuhi, vinatanuka pamoja. Tatizo ni kupima kitu kimetoka moto kwenye lethi sasa hivi, au kushika maikromita kiganjani nusu saa huku unaongea na simu.

Haya, cha kuanzia. Vania ya milimita 150, maikromita ya 0 mpaka 25, dayo geji (kile kipimo cha saa na mshale) na stendi yake ya sumaku, skwea ya chuma, rula ya chuma. Basi. Ukiongeza jiliwa zito, tupa nzuri tatu nne na seti ya keekee, tayari unafanya kazi ya maana bila mashine yoyote, na watu wanasahau hilo kabisa, fundi wa pale Gerezani, Dar, anakutengenezea kitu kwa tupa na jiliwa halafu wewe unataka mashine ya paundi elfu mbili ndiyo uanze.

Vipimo usinunue vipya vya bei rahisi. Nunua vilivyotumika vya majina: Moore & Wright wa Sheffield, Mitutoyo wa Japani, Starrett wa Marekani. Maikromita iliyotunzwa na fundi mzee miaka 40 ni bora kuliko mpya ya bei ya soda. Na hizo vania za dijitali za Mitutoyo unazoziona mtandaoni kwa bei ya kutupa, mkuu, feki zake zimejaa, boksi linafanana, maandishi yanafanana, kwa hiyo mpya kachukue kwa wakala anayejulikana au usichukue.

Vya kutumika vinapatikana wapi? Mimi napenda kabuti seli, yale magulio ya Jumapili ambapo watu wanafungua buti za magari wanauza vya nyumbani. Wahi saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu wajanja wameshapita. Huku Midlands viwanda vingi vilifungwa na mafundi wake wengi wamezeeka au wametangulia, watoto hawajui kilichomo kwenye lile sanduku la mbao lenye droo. Nilimkuta mama mmoja anauza sanduku la marehemu mumewe, ndani kuna maikromita tatu zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, akaniambia nipe paundi 30 zote. Ningeweza kumshusha. Sikumshusha, nilimpa 40 na akaanza kunisimulia mumewe alivyokuwa mkali mtu akigusa hilo sanduku, nikakaa naye kama dakika ishirini hivi.

Sasa namna ya kuikagua pale pale gulioni, hii isome vizuri. Fungua maikromita, weka kipande cha karatasi safi katikati ya midomo, funga taratibu mpaka ibane kidogo kisha ivute karatasi itoke, hapo umefuta uchafu. Funga tena kwa racheti, kile kishikio kidogo cha mwishoni, mpaka kilie mara tatu, usikaze kwa vidole. Mstari wa sifuri ulingane. Ukipishana kidogo si tatizo, zinarekebishwa kwa kile kispana kidogo kinachokuja nayo. Tatizo ni kuzungusha ukasikia sehemu nyepesi na sehemu nzito, hiyo imechakaa au iliwahi kuanguka, iache. Vania funga midomo uielekeze kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita sehemu moja na nyingine haupiti, rudisha. Dayo geji sukuma kidole polepole uachie, mshale urudi pale pale kila mara bila kukwama.

Halafu kuna janja yangu ambayo haina gharama. Beba mfukoni beringi mpya ya namba 6204 ya kampuni ya kueleweka. Kipenyo chake cha nje ni milimita 47, tundu 20, na viwanda vinavikata kwa uhakika wa kama maikroni kumi. Vania ikikusomea 46.85 pale nje, mrudishie mwenyewe. Ila upana wake ule wa 14 usiutumie kukagua, upana wa beringi unaruhusiwa kupungua zaidi ya 0.1.

Angalia pia kama kipimo ni cha inchi. Vya zamani vya Kiingereza na karibu vyote vya Marekani vinasoma kwa thau, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi, na thau moja ni milimita 0.0254. Si vibaya, ila beringi, bolti na shafti za nyumbani nyingi ni za milimita na kila siku utakuwa unazidisha kichwani, na siku utakayochoka ndiyo siku utakayoharibu kazi.

Ukishakuwa na dayo geji ndiyo unaweza kwenda kununua lethi bila kudanganywa. Myford ML7, zile zilizotengenezwa Beeston karibu na Nottingham, zinaenea gereji yoyote. Ukiikagua, kaza behewa (lile linalobeba kisu na kuteleza juu ya kitanda) likiwa karibu na chaki (kile kinachoshika kazi ikizunguka) mpaka liteleze bila kucheza, kisha lisukume upande wa mwisho. Likikwama huko ujue kitanda kimelika pale karibu na chaki, ambapo kazi zote hufanyika. Dayo geji iweke kwenye shingo ya spindo (mhimili unaozungusha chaki) yenyewe, si kwenye chaki, chaki inaweza kupinda na spindo ikawa safi. Na uliza chaki ya meno manne na gia za kubadilisha zipo? Kuja kuzinunua moja moja utalia.

Lethi kubwa za mashuleni kama Colchester Student zinauzwa bei nzuri kwa sababu mbili: zinazidi nusu tani, na mota zake nyingi ni za fezi tatu wakati nyumba za huku zina fezi moja. Inveta inasaidia, inaingiza fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za 230, lakini soma kwanza kibao cha mota. Ikiandikwa 230/400 uko salama. Ikiandikwa 415 peke yake itabidi fundi wa kusuka mota aifungue ndani, na hiyo ni stori nyingine.

Mnaotaka kurudisha nyumbani: mashine ya Uingereza inafanya kazi Tanzania na Kenya bila shida, umeme ni ule ule na hata plagi ni ile ile. Oman na Dubai pia. Mlioko Marekani na Kanada ndiyo mjiangalie, kule ni volti 120 na hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde) 60. Transfoma itakupandishia volti lakini hezi haibadilishi, mota ya hezi 60 ukiilisha 50 inapoteza moja ya sita ya mwendo na inapata moto zaidi. Mlioko Saudia pia ni hezi 60, msidanganyike na volti.

Kwenye safari, vipimo viweke kwenye begi la chini, ukivibeba mkononi utaelezea mpaka ndege ipae. Bamba la graniti la kupimia usijaribu, sentimita 30 kwa 30 unene 5 ni kilo 12, nusu ya begi lako. Kwenye kontena la kushea kila chuma kipakwe mafuta ya mashine, si ile dawa ya kupuliza ya kopo, inakauka kabla meli haijafika Mombasa. Orodha na risiti ziwe mkononi mwa mpokeaji. Na maikromita ukizifunga kwenye sanduku usiache midomo imegusana, acha uwazi mdogo, kama unene wa kadi ya benki.