SOMO: Mafuta yakiadimika au mgao wa umeme ukianza, kijiji na halmashauri wana nguvu gani kisheria?

Habari wadau wa Nyanda za Juu Kusini. Hili nawaandikia zaidi wenyeviti, watendaji na wajumbe, maana mafuta yakikata tu watu wanajaa ofisi ya kijiji wanataka mwenyekiti aamue kila kitu, naye kwa presha anatoa amri ambayo sio yake, ikifika mahakamani inaanguka na anayeumia ni yeye.

Hatua ya 1: jua sheria yako. Rungwe, Mbarali, Mufindi ni mamlaka za wilaya, zinafuata Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287. Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa ni mamlaka za miji, zinafuata ile ya Mamlaka za Miji, Sura 288. Sheria zote mbili ni za 1982. Tofauti kubwa ni kwamba kijiji kinatunga sheria ndogo, mtaa wa mjini hautungi, huko inatunga halmashauri yenyewe.

Hatua ya 2: usitangaze "hali ya hatari". Hiyo anatangaza Rais, ibara ya 32 ya Katiba. Nyie mnayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 yenye kamati kuanzia mkoa mpaka kijiji na mtaa, basi itisheni kamati.

Hatua ya 3: bei msiiguse. Bei kikomo ya mafuta inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa kawaida Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya umeme nayo lazima ipite kwao. Sheli ikizidisha bei, chukua risiti, peleka ofisi yao ya kanda hapo Mbeya.

Hatua ya 4, hapa ndo penyewe. Umeme na gesi vikisumbua watu wanarudi kwenye kuni na mkaa, na msitu wa kijiji unaisha huku tunaangalia. Hapo kijiji kina nguvu za kweli: Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya vijiji, kwahiyo mnaweza kupanga nani anavuna, wapi, siku gani na faini yake. Ila halmashauri ya kijiji ipendekeze, mkutano mkuu ujadili, alafu ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, bila hapo hiyo faini ni kuwanyang'anya watu hela tu. Na hii kazi inafanywa mapema jamani, sio siku sheli imeshakauka. Vilevile andikeni barua TANESCO, shirika la umeme, kupitia mkurugenzi wa halmashauri, mtaje zahanati, pampu ya maji na kituo cha kukusanyia maziwa, muombe vifikiriwe kwenye ratiba ya mgao. Mnaomba, hamuamrishi.

Hatua ya 5: muhtasari na sahihi kwa kila kikao.

MASWALI

Swali: Mkuu shikamoo. Halmashauri inaweza kununua dizeli ya jenereta ya kituo cha afya haraka bila zabuni ndefu?
Jibu: Marahaba. Ndio, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ina utaratibu wa dharura, ila sababu iandikwe na kumbukumbu zitunzwe, mkaguzi atazitaka. Kama mlijua tangu mwezi uliopita kwamba dizeli inaisha, kujitetea kwamba ni dharura itawawia ngumu.

Swali: Kaka mi ni mwenyekiti wa mtaa hapa mjini, vijana wanauza petroli ya vidumu jirani na shule, niwapige faini?
Jibu: Faini ya kujitungia hapana, mtaa hauna sheria ndogo. Mpe taarifa mtendaji wa mtaa na polisi leo leo, ile petroli karibu na watoto sio ya kusubiria kikao. Alafu mpitie kwa diwani wenu ili halmashauri itunge sheria ndogo, ambayo nayo inahitaji kibali cha waziri.

Swali: Mkuu wa wilaya (DC) akiagiza watu wawekwe ndani je?
Jibu: DC sio serikali za mitaa, ni serikali kuu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa nguvu ya kuagiza mtu ashikiliwe hadi saa 48, lakini kwa masharti, mfano kuna hatari ya kuvunjika kwa amani, sababu iandikwe, na ndani ya muda huo mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Ndugu wa aliyeshikiliwa waulize hiyo karatasi ya sababu, ni haki yao kuuliza.