Kuandaa taarifa za kihamba cha kahawa kwa soko la Ulaya: mwongozo kwa vyama vya msingi vya Kilimanjaro

Kahawa ya Kilimanjaro inayonunuliwa na kampuni za Ujerumani, Italia au Ubelgiji itatakiwa kuonyesha mahali hasa ilipolimwa, shamba kwa shamba. Sharti hilo linatokana na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ambayo wengi huiita EUDR, iliyopata nguvu ya kisheria tarehe 29 Juni 2023. Inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na bidhaa zinazotengenezwa kutokana nazo. Bidhaa haitaruhusiwa kuuzwa Ulaya ikiwa imetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, au ikiwa imezalishwa kinyume cha sheria za nchi ilikotoka, au ikiwa haina tamko rasmi la kwamba mambo hayo yamechunguzwa.

Tarehe ya kuanza utekelezaji imesogezwa mara mbili. Kwa marekebisho ya Desemba 2025, kampuni kubwa na za kati zinatakiwa kuanza tarehe 30 Desemba 2026, na zile ndogo tarehe 30 Juni 2027. Kwa kuwa kahawa yetu huchumwa kuanzia Julai hadi mwisho wa mwaka na kusafirishwa miezi inayofuata, chama kinachongoja tarehe hiyo ndipo kianze kuandikisha mashamba kitakuwa kimeshachelewa kwa msimu mzima.

Anayewajibika mbele ya sheria hiyo ni mwagizaji wa Ulaya, si mkulima wa Kibosho wala katibu wa chama cha Mwika. Hata hivyo, mwagizaji anakabiliwa na faini ambayo ukomo wake hauwezi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja wa Ulaya, na kwa sababu hiyo ataiacha kahawa isiyo na taarifa na kununua yenye taarifa, hata kama ile ya kwanza ni bora zaidi. Zaidi ya hapo, kahawa ya mashamba mengi ikishachanganywa katika shehena moja, shamba moja likikosa sifa shehena yote hukosa sifa, isipokuwa kama ile sehemu yenye kasoro inaweza kutambuliwa na kutengwa. Ndiyo maana kazi hii inafaa kufanywa na chama cha msingi kwa wanachama wote, badala ya kuachiwa kila mkulima ajitafutie.

Anzeni na daftari la wanachama kabla ya kugusa simu. Kila mwanachama aandikwe kwa majina yake kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya uanachama, kitongoji, idadi ya mibuni na ukubwa wa shamba. Hapa ndipo penye ugumu kwa upande wetu wa mlimani, kwa sababu vihamba vingi, yaani mashamba ya urithi ya ukoo yanayozunguka nyumba, bado vinaitwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, huku mibuni ikihudumiwa na mjane au na ndugu wawili waliogawana bila kuandikishana. Aandikwe yule anayelima na kuuza kahawa, na kando ya jina lake ielezwe uhusiano wake na mwenye kihamba. Mkulima mwenye mibuni sehemu mbili zilizotengana ahesabiwe kuwa na mashamba mawili, na kila moja lipate pointi yake. Shamba la tambarare lenye mahindi na maharage halihusiki na lisiandikwe.

Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linahitaji pointi moja tu ya GPS yenye latitudo na longitudo, kila moja ikiwa na tarakimu 6 baada ya nukta. Vihamba karibu vyote viko katika kundi hili. Mchukuaji wa pointi asimame katikati ya mibuni, si getini, si barabarani, wala si kwenye baraza alipokaribishwa. Migomba na miti ya kivuli hudhoofisha mawimbi ya setilaiti, kwa hiyo asogee penye uwazi kidogo ndani ya shamba lile lile, ashike simu usawa wa kifua na kusubiri hadi duara la usahihi kwenye ramani lipungue na kutulia. Hapo ndipo aandike. Anayeandika akiwa bado anatembea atapata pointi ya jirani, na kwa vihamba vyetu vilivyobanana, hatua chache tu zinatosha kuvuka mstari wa masale, yaani mimea ya mpakani, na kuingia kwa mtu mwingine.

Simu ipangwe ionyeshe digrii kwa desimali, si kwa dakika na sekunde. Tuchukue mfano wa pointi ya upande wa Marangu iliyoandikwa latitudo -3.281457 na longitudo 37.523906. Alama ya kutoa mbele ya 3 inaonyesha kuwa tuko kusini mwa ikweta. Ikisahaulika, shamba litahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa North Horr. Namba hizo zikibadilishana nafasi, shamba litaonekana katika jimbo la Granada, kusini mwa Hispania. Kosa hili la pili hutokea kwa urahisi sana, kwa sababu ramani za simu hutaja latitudo kwanza, wakati mafaili yanayopakiwa kwenye mfumo wa Umoja wa Ulaya hutanguliza longitudo. Tarakimu nazo zisipunguzwe ili zionekane nadhifu kwenye jedwali: pointi yenye tarakimu 3 tu baada ya nukta inaweza kukosea kwa makumi ya mita, na kwa vijiji vya juu vinavyopakana na ukanda wa Nusu Maili, yaani ukanda wa msitu ulio kati ya vijiji na mlima, umbali huo unatosha kuliweka shamba halali ndani ya hifadhi. Kabla ya kukabidhi orodha, fungueni pointi zote kwenye ramani moja. Iliyotoka nje ya kata itaonekana mara moja.

Shamba linalozidi hekta 4, kama yale makubwa yanayomilikiwa na baadhi ya vyama, linahitaji mpaka wake wote upimwe kwa kuuzunguka kwa miguu na kuchukua pointi kila kona.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni miti ya kivuli. Kanuni inaeleza msitu kuwa ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti ya urefu unaozidi mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya eneo. Kwa vipimo hivyo peke yake, eneo lenye vihamba vingi vilivyoungana chini ya miringaringa, miruka na migrivilea lingeweza kuitwa msitu. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema wazi kwamba ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo si msitu, na inayataja mazao yanayolimwa chini ya kivuli cha miti kuwa kilimo. Kwa hiyo mkulima aliyekata mgrivilea wake mwaka 2022 ili kusomesha mtoto hakufyeka msitu, na aliyeng'oa mibuni mizee akapanda miche bora kutoka TaCRI Lyamungu, taasisi ya utafiti wa kahawa, naye hakufyeka msitu.

Tatizo ni kwamba anayekagua akiwa Hamburg huanza na picha ya setilaiti. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kimetengeneza ramani ya misitu ya dunia ya mwaka 2020, na ingawa ramani hiyo haina nguvu ya kisheria, wakaguzi wengi huanzia hapo, na kahawa ya kivuli ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kusomwa vibaya kuwa msitu. Kihamba kilichopakwa rangi ya msitu mwaka 2020 na kuonekana cheupe mwaka 2023 kitaulizwa. Jibu liandaliwe mapema: picha za shamba zinazoonyesha mibuni, migomba na miti pamoja, stakabadhi za kuuza kahawa za misimu ya kabla ya 2021, maelezo mafupi ya mwenyekiti wa kitongoji kuhusu umri wa shamba, na kibali cha kukata mti kama kilitolewa. Kwa maoni yangu stakabadhi za zamani ndizo zenye uzito mkubwa zaidi, maana hakuna anayeweza kuuza kahawa mwaka 2018 kutoka kwenye shamba lililokuwa msitu hadi mwaka 2021. Vyama vyenye madaftari ya miaka hiyo makabatini viyatunze kama vinavyotunza fedha. Na kwa kuwa wazee wetu ndio waliolinda miti hiyo ndani ya kahawa kwa vizazi, itakuwa dhuluma mkulima akiiondoa leo kwa hofu ya picha ya setilaiti. Viongozi wa chama wawaeleze wanachama mapema kwamba miti ibaki.

Kuhusu uhalali wa ardhi, kinachotakiwa ni haki ya kuitumia kwa mujibu wa sheria za Tanzania. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua miliki ya kimila, kwa hiyo mwenye hati ya hakimiliki ya kimila aweke nakala, na asiye nayo apate barua ya serikali ya kijiji ikitaja mipaka na majirani. Uhalali unahusu pia haki za wafanyakazi. Watoto wasiwekwe kwenye kuchuma kahawa saa za masomo.

Taarifa hizi ni mali ya mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda majina na taarifa za watu, hivyo kila mwanachama asaini fomu ya ridhaa, na chama kibaki na nakala kamili hata kama pointi zimechukuliwa na wakala wa mnunuzi kwa vifaa vyake. Chama kisichokuwa na nakala kitalazimika kumuuzia mnunuzi yule yule msimu ujao, kwa bei anayoitaka yeye.

Mwisho ni ghala. Kahawa ya wanachama waliokwisha kupata pointi ipokelewe, ipimwe na kuhifadhiwa kwenye magunia yenye alama ya pekee, kila mpokezi akiandika namba ya mkulima, kilo na tarehe, na kahawa ya mtu ambaye shamba lake halijulikani isimwagwe humo hata kama ni debe moja la jirani mwema. Kilo zilizoletwa zilinganishwe na idadi ya mibuni iliyoandikwa, kwa sababu robo ekari inayoleta mzigo wa ekari tatu huashiria kahawa ya mtu mwingine. Mwagizaji wa Ulaya anatakiwa kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Daftari la ghala nalo litunzwe kwa muda usiopungua huo, pamoja na nakala moja nje ya ofisi ya chama.