Kumnyonyesha mtoto mwaka wote wa kwanza huku ukienda kazini

Mwanangu wa kwanza aliacha kunyonya akiwa na miezi minne, na kwa muda mrefu niliamini kwamba maziwa yangu yalikauka yenyewe. Nilikuwa nimerudi kufundisha, mama mkwe akabaki naye nyumbani kwetu Kadutu, katika mji wa Bukavu mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kila alipolia alipewa maji, kisha maziwa ya unga ndani ya biberoni, yaani chupa ya kunyonyea. Nilipofika nyumbani baada ya kupanda mlima kutoka Nyawera, mtoto alikuwa ameshiba na hakulitaka titi. Baada ya wiki chache sikuwa na kitu cha kumpa, naye alikuwa ameshaharisha mara mbili. Mtoto wa pili ametimiza mwaka na bado ananyonya, ingawa kazi ni ileile na mlima ni uleule. Safari hii nilikuwa nimeelewa jinsi maziwa yanavyotengenezwa, na nilijiandaa kabla ya kurudi darasani. Ninamwandikia mama wa Bukavu ambaye siku za kurudi kazini zinamkaribia, awe mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa sokoni.

Jambo la kushika kwanza ni hili: titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Likiachwa limejaa kwa saa nyingi, mwili hupunguza kazi. Likinyonywa au kukamuliwa mara kwa mara, mwili huongeza. Kwa hiyo kikombe cha maji anachopewa mtoto mchanga kina hasara mbili, kwani kinajaza tumbo lake kitu kisicholisha, na kinaliambia titi kwamba mlo huo haukuhitajika. Ndivyo nilivyoyapoteza maziwa yangu mara ya kwanza, kikombe baada ya kikombe, bila mtu yeyote nyumbani kukusudia mabaya.

Siku za mwanzo

Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya rangi ya manjano yaitwayo dang'a, ni machache, na uchache wake huwatia hofu wazazi wengi. Lakini tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo sana, na matone hayo yamejaa kinga dhidi ya magonjwa. Yasikamuliwe na kumwagwa. Katika siku hizo za kwanza mtoto anaweza kupungua uzito, hata kufikia sehemu moja ya kumi, na kwa kawaida huwa ameurudisha anapotimiza wiki mbili.

Mnyonyeshe anapotaka, usiku na mchana, kati ya mara 8 na 12 kwa siku. Usisubiri alie, kwa sababu kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla yake mtoto hugeuza kichwa, hutoa ulimi na hunyonya ngumi. Mlaze tumbo lake likiwa limeligusa tumbo lako, subiri afungue mdomo kama anayepiga mwayo, kisha umvute yeye kwenye titi, badala ya kumwinamia. Kidevu chake kiguse titi, mdomo wa chini uwe umegeukia nje, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi upande wa juu kuliko chini. Akishika ncha ya chuchu peke yake, utaumia, chuchu itapasuka, na yeye hatapata maziwa ya kutosha. Ukisikia maumivu yanaendelea, ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, mwachishe taratibu, uanze upya. Mimi nilianza upya hata mara tano katika mlo mmoja, na ninakuomba usione aibu kufanya hivyo.

Utajuaje kwamba anapata ya kutosha, wakati titi halina alama za kipimo? Hesabu nepi zilizolowa: tangu siku ya tano hivi zinapaswa kuwa 6 au zaidi kwa siku. Kisha fuata mizani ya kituo cha afya. Kulia jioni, au kutaka titi kila nusu saa anapofikisha wiki tatu au sita, mara nyingi ni dalili kwamba anakua na anaagiza maziwa zaidi. Mpe titi, na baada ya siku mbili au tatu maziwa yatakuwa yameongezeka.

Maji, kasiksi na maneno ya wakubwa

Katika miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji, hata wakati wa jua kali. Maziwa yenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Katika mji wetu, ambako bomba hukauka kwa siku kadhaa na watu huteka ziwani, na ambako kipindupindu hurudi tena na tena, maji ya kumpa mtoto mchanga ni hatari tunayoijua kwa macho yetu.

Ugumu ni kumwambia hivyo mtu aliyekulea mume wako. Sikujaribu kumfundisha mama mkwe. Nilimwomba anisindikize siku ya kupima mtoto, nikamwacha muuguzi aeleze, naye akauliza maswali yake yote. Tukiwa njiani kurudi aliniambia: "Mwanangu, sisi tuliwapa maji kwa sababu tuliambiwa hivyo. Kama sasa wanasema hapana, nitakulindia." Tangu siku hiyo ndiye aliyewazuia wageni. Kasiksi, yaani pombe ya ndizi, ambayo wengine humshauri mama anywe ili aongeze maziwa, aliacha mwenyewe kunitajia, kwa kuwa pombe huingia kwenye maziwa na haiyaongezi. Mama mwenye kunyonyesha anahitaji kula vizuri, kunywa maji kila anapoona kiu, na kupumzika anapopata nafasi.

Lipo jambo jingine ambalo watu huliita kukauka kwa maziwa. Mwezi Februari 2025, vita vilipoufikia mji wetu, jirani yangu alikuja akilia kwamba maziwa yameondoka kwa woga. Woga na uchungu huweza kuzuia maziwa yasitoke kwa muda, lakini hauharibu yale yaliyomo wala hauyafanyi kuwa sumu. Tulimkalisha mahali penye utulivu, tukamvua mtoto nguo na kumweka kifuani kwa mama, tukawafunika wote wawili kikwembe, tukamkanda mama mgongo. Aliendelea kumnyonyesha kila alipotaka, na maziwa yakaanza tena kutoka.

Kukamua: ujifunze kabla ya siku yenyewe

Anza wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini. Wengi hungoja asubuhi ile ile ya kuondoka, wakapata vijiko viwili, wakakata tamaa. Huna haja ya mashine, kwa maana mikono inatosha, na mikono haihitaji umeme.

Nawa kwa sabuni. Andaa kikombe chenye mdomo mpana, kilichooshwa kwa sabuni na kuchemshwa. Kaa, inama kidogo, weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, vikikabiliana, sentimita tatu au nne nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia, na urudie kwa mwendo wa mtoto anyonyavyo. Vidole visiteleze juu ya ngozi, wala usiivute chuchu, kwa sababu maziwa hayatoki kwa kuvutwa. Mwanzoni hutaona kitu, halafu matone, na baada ya dakika moja au mbili yataanza kuchuruzika. Yakipungua, hamisha vidole vizunguke titi, ili pande zote zikamuliwe. Fanya hivyo dakika tatu hadi tano, hamia titi la pili, kisha rudi. Kazi yote huchukua kama nusu saa.

Sasa hesabu ya saa, ambayo ndiyo iliyoniokoa. Katika chumba kisichozidi nyuzi joto 25, maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa nne. Katika jokofu linalofanya kazi hukaa siku nne, lakini anayeutegemea umeme wa mji huu kwa siku nne anajidanganya. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 na asubuhi zake ni baridi, jambo linalotusaidia. Hata hivyo, nyumba ya mabati hupata joto mchana, basi kikombe kifunikwe na kuwekwa ndani ya bakuli la maji baridi, kwenye pembe yenye kivuli. Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto alfajiri, nikakamua saa kumi na mbili na nusu kabla ya kutoka, na maziwa hayo yalinywewa kabla ya saa nne na nusu. Saa nne nilikamua shuleni, nikafika nyumbani saa saba na kikombe cha pili, ambacho kilikuwa bado ndani ya muda wake. Kwa kila saa ya kutokuwepo, mtoto huhitaji kama mililita 30. Kwa hiyo usishtuke ukiona kikombe hakijajaa.

Anayebaki na mtoto amkalishe wima, aweke ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, ainamishe mpaka maziwa yaguse tu mdomo, na amwache mtoto ayavute mwenyewe. Asiyamimine kooni. Kikombe ni bora kuliko biberoni, kwa kuwa kinasafishika vizuri na hakimzoezi mtoto kunyonya kitu kingine. Maziwa yakiwa baridi, yapashwe kwa kusimamisha kikombe ndani ya maji ya moto, kamwe yasiwekwe kwenye makaa. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa yasihifadhiwe kwa mlo ujao.

Kuhusu mwajiri, fahamu haki yako. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, humpa mama wiki 14 za likizo ya uzazi, ambazo zisizozidi 8 ni za baada ya kujifungua, na humpa anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Katika shule ya binafsi niliyofundisha wakati huo, niliambiwa kwamba mapumziko hayo yangevuruga ratiba. Nilirudi na nakala ya kifungu hicho cha sheria, nikaiweka mezani kwa heshima, nikapendekeza mwenzangu aangalie darasa langu nami niangalie lake. Nilipewa stoo ya chaki, kiti na kitasa cha mlango. Inatosha.

Ukirudi nyumbani, nyonyesha mara nyingi, hasa usiku, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi saa hizo. Watoto wengi hunywa kidogo mchana na kunyonya sana usiku mama anapoanza kazi. Lala mapema, na waachie wengine vyombo.

Titi likivimba sehemu moja, likawa jekundu na lenye maumivu, usiache kunyonyesha upande huo. Weka kitambaa chenye maji baridi baada ya kunyonyesha, na usilikande kwa nguvu. Ikiwa homa haishuki ndani ya siku moja, nenda kituo cha afya. Mama mwenye virusi vya ukimwi anayemeza dawa zake kila siku kwa usimamizi wa wauguzi anaweza naye kunyonyesha. Asichanganye maziwa yake na vyakula vingine kabla ya miezi sita, na asiruke dawa.

Baada ya miezi sita

Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua karibu na mwezi wa sita, na maziwa peke yake hayaijazi. Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne. Uji wa masoso, yaani unga wa mahindi, soya na mtama, uwe mzito kiasi cha kutodondoka haraka kutoka kijikoni. Sambaza, yaani dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaushwa, wakasafishwa, wakasagwa na kuchekechwa, waingie kila siku ikiwezekana, maana hawana bei kubwa na wana kile hasa anachokosa. Ongeza yai lililoiva vizuri, maharage yaliyopondwa, avoka, lengalenga (mchicha) na kijiko cha mafuta ya mawese. Chai usimpe, kwa kuwa inazuia madini ya chuma kuingia mwilini; asali isubiri mwaka mmoja, vilevile maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu. Titi linaendelea, hata miaka miwili na zaidi.

Usikose siku za chanjo: baada ya zile za kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa surua na homa ya manjano. Mtoto asiyetaka kunyonya kabisa, mwenye degedege, au ambaye utosi wake umebonyea baada ya kuharisha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Meno yalipoota, mwanangu aliniuma. Nilimsogeza karibu zaidi na titi, naye akafungua mdomo mwenyewe ili apumue, nikasema "hapana" bila kupiga kelele. Ilichukua siku nne. Alipofikisha miezi kumi na moja niliacha kukamua shuleni, kwanza siku moja kati ya mbili, kisha kabisa, na titi likazoea bila kuvimba. Sasa ninapoingia mlangoni saa saba, mtoto huuvuta upindo wa kikwembe changu kabla sijatua mfuko wa madaftari. Basi ninakaa kwanza, viatu vikiwa bado mguuni, ninamnyonyesha, na sufuria inangoja.