Anza na Servo, Mota Ije Mwisho: Kuboresha Umeme wa Lori la Rimoti la Porini

Lori langu la kwanza la kupanda mawe, la kipimo cha 1/10 (yaani sehemu moja ya kumi ya lori halisi), lilikuwa na kwikwi. Magurudumu ya mbele yakibanwa kati ya mawe mawili nikakata usukani, lori zima linazima nusu sekunde, kisha linaamka na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nilibadilisha mota. Nikabadilisha betri. Kwikwi ikabaki palepale. Ugonjwa ulikuwa kwenye servo na umeme unaoilisha, na tangu siku nilipougundua, kila anayeniuliza aanzie wapi kuboresha lori lake namwambia aanzie hapo. Mota ije mwisho.

Servo ndiyo inayogeuza magurudumu ya mbele kushoto na kulia, na nguvu yake hupimwa kwa kilo kwa sentimita. Nyingi zinazokuja na malori yaliyokwisha kuundwa ni dhaifu kwa tairi kubwa na mawe. Lori la kupanda mawe la 1/10 mimi nalipa servo ya kilo 20 hadi 25, yenye gia za chuma. Lori la kukimbia na kuruka linatosheka na kilo 15 hivi, ila hapo tazama na wepesi wake: ikitumia sekunde 0.15 au pungufu kugeuka nyuzi 60, usukani utakutii. Ukisoma namba hizo, soma pia zimepimwa kwa volti ngapi. Servo iliyoandikwa kilo 25 kwa volti 7.4 haitoi kilo 25 ukiilisha volti 6.

Na hapo ndipo kwikwi inapozaliwa. Ndani ya kidhibiti mwendo, ambacho sote tunakiita ESC, mna kijisehemu kinachopunguza volti za betri ziwe 5 au 6 kwa ajili ya servo na risiva, yaani kipokezi cha ishara za rimoti. Kinaitwa BEC. Katika ESC nyingi za kawaida kinatoa ampea 2 au 3 tu, wakati servo yenye nguvu ikibanwa inaweza kutaka zaidi ya 3 peke yake. BEC ikizidiwa, volti zinaporomoka, risiva inazima, na lori linakufa katikati ya mlima huku betri imejaa.

Kipimo chake ni rahisi. Weka lori chini mahali pakavu pasipoteleza, likiwa limesimama, kisha kata usukani kushoto na kulia kwa haraka mara kumi ukitazama taa ya risiva. Taa ikipepesa au ikizima, tatizo ni mlo wa umeme. Usihangaike na kitu kingine kabla ya kulimaliza hilo.

Dawa ni mbili: ununue ESC yenye BEC kubwa, au ufunge BEC ya nje. Mimi hupenda ya nje, kwa sababu nikibadilisha ESC kesho yenyewe inabaki. Nyaya zake za kuingiza umeme zinalehemewa pale betri inapoingilia kwenye ESC. Za kutoa zinakwenda kwenye risiva. Kisha chomoa waya mwekundu katika plagi ndogo inayotoka ESC kwenda risiva, uufunge kwa utepe, ili vyanzo viwili vya umeme visipigane. Kabla hujachomeka servo, pima volti zinazotoka kwa mita. Servo ya volti 6 ukiipa 8.4 inaungua, na hakuna fundi atakayeirudisha.

Ukishaifunga, mambo mawili madogo. Mkono wa plastiki ulioko juu ya servo utupe, uweke wa alumini, lakini hesabu meno kwanza: kuna servo za meno 23, 24 na 25, na mkono usio wake utakula meno hayo taratibu. Pili, rekebisha kwenye rimoti mwisho wa usukani, yaani kikomo cha servo kugeuka. Servo ikifika mwisho ikaendelea kunguruma, maana yake inasukuma ukuta, inakula umeme na kujipika yenyewe.

Sasa betri. Betri za nikeli za seli sita, volti 7.2, bado zinafaa kwa mtoto anayejifunza, maana zinavumilia makosa. Lakini lori likianza kukutaka nguvu utahamia lipo, yaani betri za lithiamu-polima. Ya seli mbili ni volti 7.4 na ikijaa inafika 8.4, ya seli tatu ni 11.1 na ikijaa 12.6. Lipo haivumilii kukamuliwa hadi tone la mwisho. Seli ikishuka chini ya volti 3 hivi inaanza kuharibika, kwa hiyo ESC lazima iwekwe kwenye hali ya lipo ili ikate umeme mapema. Mimi naweka 3.4 kwa kila seli. Katika ESC kama Hobbywing QuicRun 1060 kuna vipini vidogo vya kuchomeka upande wa lipo au wa nikeli. Nimeshika mikononi betri zaidi ya moja iliyokufa kwa sababu tu kipini kilikuwa upande usio wake.

Ile namba yenye herufi C, inayotaja betri inaweza kutoa ampea mara ngapi ya ujazo wake, usiiamini kama ilivyo. Betri ya mAh 5000, yaani ujazo wa ampea 5 kwa saa moja, iliyoandikwa 50C inadai kutoa ampea 250. Katika kupanga mambo yangu mimi huhesabu nusu. Jambo ambalo wengi wanalisahau ni urefu: pima sanduku la betri pamoja na mahali nyaya zinapotokea, kwa sababu betri inayoingia kwa kulazimishwa itachubuka siku lori likipinduka. Chaji kwa ampea zinazolingana na ukubwa wake, yaani 5 kwa mAh 5000, na plagi ya kusawazisha seli iwe imechomekwa. Iweke juu ya kitu kisichoshika moto, nawe uwepo. Isipotumika kwa siku kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Ikivimba, safari yake imekwisha. Usiichaji tena hata mara moja.

Plagi ndizo zinazodharauliwa kuliko vyote. Ile plagi nyeupe ya kizamani ya mtindo wa Tamiya inatosha kwa mota ndogo, lakini ampea zikipanda inapata joto hadi plastiki inalainika. Mimi nimehamia plagi za aina ya XT60 katika malori yangu yote ya 1/10. Ukibadilisha plagi ya betri, kata waya mmoja tu, uulehemu, uufunike, ndipo uende kwa wa pili. Ukizikata zote mbili kwa mkasi mmoja, umezigusanisha, na lipo itakujibu kwa cheche kali. Chomeka plagi ya kike na ya kiume pamoja wakati wa kulehemu ili vipini visihame plastiki ikipata moto. Kimpira cha kufunikia kiungo, kile kinachosinyaa kwa joto, kipitishe kwenye waya kabla, si baada. Paka risasi ya kulehemea kwenye waya peke yake, kwenye kikombe cha plagi peke yake, kisha viunganishe kwa pasi ya kulehemea yenye nguvu na uondoke haraka. Kiungo kizuri kinang'aa. Kikiwa na rangi ya majivu na chembechembe, kirudie.

Ndipo tufike kwenye mota, na ESC inayokwenda nayo. Mota ya brashi husomwa kwa mizunguko ya waya: 27 ni ya kawaida kwa kukimbia, 35 hadi 55 kwa kupanda mawe, ambako namba ikipanda mwendo unapungua na lori linatulia mkononi. Usikubali mtu akuambie brashi imepitwa na wakati. Kwa lori la mawe linaloingia matopeni na kwenye vijito, naiheshimu sana: ina nyaya mbili, haina sensa (kijisehemu kinachoiambia ESC mota imefika wapi katika mzunguko), na ukiikausha na kutia tone la mafuta kwenye beringi inaendelea. Kinachohitajika ni ESC yenye breki inayokamata yenyewe ukiachia kitufe cha mwendo, ili lori lisimame mteremkoni bila kuteleza.

Mota isiyo na brashi husomwa kwa KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Isiyo na sensa ina kigugumizi inapoanza taratibu. Kwa kukimbia haisumbui, kwa mawe inaudhi. Yenye sensa inaanza laini kama mafuta, ila kisoketi chake kinachukia matope.

Mpwa wangu ana lori la magurudumu makubwa lenye mota ya KV 3300. Alikuwa akitumia seli mbili: 3300 mara 7.4 ni mizunguko 24,420. Akaweka seli tatu, ESC ikiruhusu, mizunguko ikawa 36,630. Nusu zaidi, gia zilezile. Baada ya dakika tano mota ilifika nyuzi joto 95. Hakuna kilichoharibika kwenye mota. Ilikuwa imebebeshwa gia isiyo yake. Tulitoa gia ndogo ya meno 18 tukaweka ya 14. Lori bado linakimbia kuliko zamani kwa karibu asilimia 17, na mota inaishia kwenye nyuzi 70. Mpaka wangu ni 80. Gia mpya ukiifunga, pitisha kipande cha karatasi kati yake na gia kubwa, zibane, kaza skrubu, kisha uzungushe gia ili karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa.

Kumbuka tu kwamba nguvu mpya itatafuta mahali pa kutokea, na mara nyingi ni kwenye difu au ekseli za plastiki.

Risiva haina mengi, isipokuwa hili ambalo silitanii: weka mpangilio wa usalama, ili mawimbi ya rimoti yakipotea lori lisimame. Inua magurudumu juu, zungusha mota polepole, zima rimoti. Magurudumu yasiposimama, lori hilo halitoki mlangoni. Washa rimoti kwanza kisha lori. Ukizima, lori kwanza.

Siku ya kwanza ya majaribio endesha dakika tatu tu, simama, chomoa betri, kisha pima kwa kipimajoto cha miali au uguse kwa tahadhari: mota, ESC, servo, plagi. Mota ikiwa moto kuliko vyote, rudi kwenye gia. Servo ikiwa moto, rudi kwenye mwisho wa usukani. Plagi ikiwa moto, kalehemu upya.