Kuamua Utume Matokeo Mangapi ya SAT
Kabla ya kutuma matokeo ya SAT, yaani mtihani wa kuombea nafasi ya chuo, katika chuo kikuu cha Marekani, soma kwanza masharti ya chuo chenyewe, kwa sababu Georgetown, kwa mfano, hudai matokeo ya kila mtihani uliofanya, na hapo huna la kuchagua. Vyuo vingi vingine huchukua alama ya juu ya kila sehemu: aliyepata 620 za kusoma na kuandika na 700 za hisabati, kisha akarudia na kupata 680 na 660, atahesabiwa 1380, ingawa hakuna mtihani uliomvusha 1340, huyo atume yote mawili. Kwa chuo kisichochanganya alama, tuma yenye jumla kubwa pekee. Pale mtihani usipokuwa wa lazima, nawe alama zako ziko chini sana ya zile ambazo chuo kimetangaza za waliopokelewa, naona ni heri usitume kabisa.