Namna ya Kuichunguza Historia ya Chama cha Republican na Msimamo Wake Kuhusu Serikali

Ukitaka kujua chama cha Republican cha Marekani kinaamini nini kuhusu serikali, usianzie kwenye hotuba. Anzia kwenye kumbukumbu za aina nne: ilani za uchaguzi, kura za bungeni zilizopigwa kwa majina, majedwali ya bajeti na amri za rais. Zote zinapatikana mtandaoni bila malipo.

Wengi hukwama mwanzoni kwa sababu ya swali lenyewe. Huuliza: hawa wanataka serikali kubwa au ndogo? Chama kilichoishi zaidi ya miaka 170 hakiwezi kujibu swali hilo kwa neno moja. Uliza badala yake mambo matatu: kazi gani inazungumziwa, ifanywe na nani, na nani ailipie. Chora jedwali lenye safu tano: mwaka, kazi, mwenye jukumu, mlipaji na ushahidi. Kwenye safu ya mwenye jukumu ruhusu majibu manne: Washington, jimbo, serikali ya mtaa, au raia mwenyewe pamoja na familia na kanisa lake. Uhafidhina wa chama hiki unaonekana zaidi kwenye safu hiyo kuliko penginepo. Mara nyingi hoja yao si kwamba kazi isifanyike. Ni kwamba Washington isiifanye.

Hapo msomaji wa Afrika Mashariki awe makini. Kaunti 47 za Kenya ziliundwa na Katiba ya 2010, kwa hiyo mamlaka yalishuka kutoka juu. Marekani ilikuwa kinyume. Majimbo ya mwanzo yalikuwepo kabla ya serikali ya shirikisho, na Nyongeza ya 10 ya Katiba, iliyoidhinishwa mwaka 1791, inasema mamlaka ambayo serikali kuu haikukabidhiwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Mhafidhina wa Kirepublican anaposema "turudishe majimboni", hilo ndilo andiko analolisimamia.

Kabla ya kujaza mstari wowote, hakikisha unachunguza chama chenyewe. Wafuasi wa Thomas Jefferson nao waliitwa Republican katika miaka ya 1790, lakini hicho ni chama kingine kabisa. Hiki cha leo kilizaliwa mwaka 1854, katika mikutano iliyofanyika Ripon, Wisconsin, na Jackson, Michigan, kupinga Sheria ya Kansas-Nebraska iliyofungua maeneo mapya ya magharibi kwa utumwa. Rangi nazo hupotosha. Nyekundu ilishikamana na Republican baada ya uchaguzi wa 2000, na katika baadhi ya ramani za televisheni za 1980 ushindi wa Ronald Reagan, mgombea wa Republican, umepakwa buluu.

Ilani

Nenda kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, iitwayo The American Presidency Project. Usizisome zote, utachoka kabla ya kufika popote. Chukua sita: 1860, 1936, 1964, 1980, 2016 na 2024.

Ya 1860, iliyopitishwa Chicago wakati Abraham Lincoln anateuliwa, itakushtua kama umezoea lugha ya leo. Inataka ushuru wa forodha wa kulinda viwanda, ardhi kwa walowezi, na reli ya kwenda Pasifiki kwa msaada wa serikali. Mwaka 1862 ahadi za ardhi na reli zikawa sheria: ekari 160 kwa anayekubali kulima na kukaa, na ruzuku za reli. Mwaka huohuo sheria nyingine ilitoa ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo. Andika "Washington" kwenye safu ya mwenye jukumu, bila kusita.

Ya 1936 ni ya chama kilichojeruhiwa, kinachopigana na mipango ya Franklin Roosevelt, rais wa chama cha Democratic. Humo utakuta lugha ya Katiba kuvunjwa na rais kujitwalia mamlaka. Lakini isome hadi sehemu ya pensheni. Haikukataa wazee kusaidiwa. Ilitaka majimbo yabebe mzigo, serikali kuu ichangie, na kila mwaka ulipiwe kwa mapato yake. Mgombea wake, Alf Landon, alishinda majimbo mawili tu, Maine na Vermont.

Ya 1964 inafundisha kanuni ambayo ni lazima uishike: ilani si mgombea. Iliahidi utekelezaji kamili wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka huohuo, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, huku mgombea Barry Goldwater akiwa ameipigia kura ya hapana kwenye Seneti. Msomaji wa Tanzania amezoea mawaziri kutoa taarifa ya utekelezaji wa ilani ya CCM, kana kwamba ilani ni mkataba wa kazi. Marekani hakuna kitu cha namna hiyo. Seneta anaweza kuipuuza ilani ya chama chake na asivuliwe uanachama, kwa kuwa tiketi yake aliipata kwa wapiga kura wa jimbo lake. Kwa hiyo ilani ni ushahidi wa nani alikuwa na nguvu ndani ya mkutano mkuu mwaka huo. Usiipe uzito zaidi ya huo.

Ukifika 1980, 2016 na 2024, linganisha mambo mawili: elimu na biashara. Wizara ya Elimu ilianzishwa kwa sheria ya 1979, na ilani ya 1980 tayari ilitaka ifutwe. Ya 2024 inataka hivyo pia. Katikati yake, Januari 2002, rais wa chama hichohicho, George W. Bush, alisaini sheria iliyowalazimisha wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 8 kupimwa kila mwaka. Kwa upande wa biashara, mkataba wa NAFTA, wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Mexico, ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 1993 kwa kura 234 dhidi ya 200, na 132 kati ya hizo za ndiyo zilikuwa za Republican. Ilani ya 2024, yenye kurasa 16, imerudi kwenye ushuru wa bidhaa za nje na inaahidi kutogusa pensheni wala bima ya afya ya wazee. Iweke kando ya ile ya 1860.

Kura

Congress.gov, tovuti ya Bunge la Marekani (Kongresi), inaonyesha safari ya miswada ya miongo ya karibuni na kukuunganisha na orodha za kura. Kosa la kawaida ni kuchukua kura isiyo yenyewe. Mswada mmoja huweza kuwa na kura za marekebisho, kura ya kufunga mjadala kwenye Seneti na kura ya mwisho. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilifungiwa mjadala kwa kura 71 dhidi ya 29, kisha ikapitishwa kwa 73 dhidi ya 27. Andika ni ipi uliyotumia.

Kisha zigawe kwa chama na kwa eneo, vyote viwili. Katika kura hiyo ya mwisho, maseneta 27 wa Republican walisema ndiyo na 6 hapana. Ukiishia hapo utadhani chama kilikuwa kitu kimoja. Ukitenga Kusini utaona kwamba kule wanachama wa vyama vyote viwili waliipinga kwa wingi, na Goldwater alipogombea miezi michache baadaye, majimbo sita aliyoshinda yalikuwa Arizona kwao na matano ya Kusini. Mabadiliko makubwa ya chama hiki yanaanza kuonekana hapo. Asiyegawa kwa eneo hawezi kuyaona.

Bajeti

Tafuta majedwali ya kihistoria ya ofisi ya bajeti ya Ikulu. Jedwali 1.2 linatoa mapato, matumizi na nakisi kwa asilimia ya pato la taifa. Tumia asilimia, maana dola za 1981 na za leo hazilinganishiki. Zingatia pia kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Oktoba na hupewa jina la mwaka unaoishia: mwaka wa fedha 1981 ulianza chini ya Carter, na 2009 ulianza chini ya Bush. Wanaobishana kuhusu nani alifuja hela huteleza hapa.

Miaka ya Reagan ndiyo ya kukaa nayo kwa muda mrefu. Katika hotuba ya kuapishwa Januari 1981 alisema serikali si suluhisho la tatizo letu, bali serikali ndiyo tatizo. Wanaoinukuu huacha maneno ya mwanzo, "katika mgogoro huu wa sasa", na huacha aya za mbele aliposema hana nia ya kuiondoa serikali, anataka ifanye kazi. Sasa fungua majedwali. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 28 kufikia 1988, matumizi ya ulinzi yalipanda, na deni la taifa liliongezeka karibu mara tatu. Mstari huu kwenye jedwali lako utakuwa na majibu tofauti kwa kodi, ulinzi na huduma za jamii. Uache hivyo, usilazimishe jibu moja.

Amri

Amri za rais zisome mwisho, kwani ndizo dhaifu zaidi: rais ajaye huweza kuzifuta. Sera ya Mexico City, iliyotangazwa mwaka 1984, mwanzoni iliyanyima fedha za Marekani za uzazi wa mpango mashirika ya nje yanayotoa au kuhimiza utoaji mimba. Clinton aliifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha 2025. PEPFAR, mpango wa UKIMWI ulioleta dawa Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, ulipitishwa na Kongresi mwaka 2003 kwa ombi la Bush. Hapo sheria ipo, lakini fedha zinahitaji kuidhinishwa upya kila mwaka. Kwa hiyo ongeza alama pembeni ya kila ushahidi: S kwa sheria, B kwa bajeti, A kwa amri. Penye A, andika na tarehe uliyoihakiki.